Zaburi Iliyoishia Gizani

Mtu akifiwa kwetu, husomewa Zaburi ya 23. Nimeisikia matangani mara zisizo na hesabu, ikisomwa na wachungaji, na makatekista, na watoto wa shule waliosukumwa mbele kwa sababu wao ndio walioona maandishi bila miwani. Sina ugomvi nayo. Lakini kwa miaka mingi niliisikia kama mtu asikiavyo saa ya ukutani: ipo, inagonga, nawe unaendelea na lako. Iliyonifundisha kuisikia ni zaburi nyingine, ambayo sijapata kuisikia ikisomwa katika ibada yoyote niliyohudhuria. Nayo ni ya 88.

Nilikutana nayo mwaka 1996, mdogo wangu alipolazwa hospitali miezi minne. Mama alilala chini, kando ya kitanda, juu ya mkeka wake. Mimi nilifika jioni, na kwa kuwa mazungumzo yalikwisha kutuishia, tukaanza kusoma Zaburi, moja kila jioni, tangu ile ya kwanza. Siku hizo mzee mmoja wa kanisa alikuja kututazama, akamkuta Mama analia, akamwambia kwa upole kabisa kwamba machozi ya namna ile ni dalili ya kutoamini. Mama akanyamaza. Alinyamaza kwelikweli, hata sala akaacha, maana alichokuwa nacho cha kumwambia Mungu kilikuwa kilio kile kile alichokatazwa. Tuliendelea kusoma, lakini sasa nilisoma mimi peke yangu, naye akisikiliza huku ameupa ukuta uso.

Kabla sijasema habari ya jioni ile tulipoifikia ya 88, sina budi kuieleza zaburi yenyewe, na kuieleza kama shairi, maana ni shairi.

Sisi tuliokulia katika mashairi ya Kiswahili tumezoea kulipima shairi kwa vina na mizani: mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Mshairi wa Kiebrania hakufungwa na vina. Alichokipatanisha yeye ni maana. Kauli ya kwanza hutoka, ya pili huijibu, ama kwa kuirudia kwa maneno mengine, ama kwa kuipinga, ama kwa kuisogeza mbele hatua moja. Robert Lowth, aliyefundisha ushairi Oxford, ndiye aliyeieleza kanuni hiyo kwa wasomi wa Ulaya, katika mihadhara iliyochapishwa kwa Kilatini mwaka 1753. Faida ya kanuni hiyo ni kubwa. Kina hufia mpakani shairi likitafsiriwa, lakini maana inayojibiwa na maana huvuka na mzigo wake wote. Mathias Mnyampala, mshairi wetu wa Dodoma, alithubutu kuandika Utenzi wa Zaburi katika miaka ya 1960, nami nauheshimu ujasiri huo. Ila utenzi una madai yake ya mizani nane na kina kinachotiririka hadi mwisho, na nguo hiyo Zaburi hazikuiomba. Mimi huridhika na mistari mitupu ya Biblia ya Union Version ya 1952.

Basi, ya 88. Ina aya 18 katika Biblia zetu. Kichwa chake kinaitaja kuwa ya wana wa Kora, tena ya Hemani Mwezrahi, nayo imekabidhiwa kiongozi wa waimbaji. Neno hilo la mwisho msomaji asilipite haraka. Kilio hiki hakikuandikwa kifichwe sandukuni, kiliwekwa katika kitabu cha nyimbo za watu wote. Hemani mmoja anatajwa katika Mambo ya Nyakati kuwa mwimbaji wa hekalu, baba wa wana 14 na mabinti 3. Kama ndiye huyu, basi hakuwa mpweke kwa kukosa watu nyumbani.

Zaburi nyingi za maombolezo zina pande tatu: mlalamikaji, adui zake, na Mungu. Hapa adui hayupo. Tena hakuna toba, wala dalili kwamba huyu bwana anajiona amelipwa kwa kosa fulani. Wamebaki wawili tu, na yote yaliyompata anayaweka mikononi mwa yule mmoja: ni Mungu aliyemtia shimoni, ni Mungu aliyemfunika kwa mawimbi, ni Mungu aliyewaondoa jamaa zake wasimkaribie. Kila pigo limetajwa kwa nafsi ya pili. Umenifanya hivi, umenifanya vile. Mtu asiyeamini hasemi hivyo, maana hana wa kumwambia.

Katikati ya shairi yamewekwa maswali, moja juu ya jingine. Wafu watasimama wakusifu? Kaburini kuna atakayesimulia habari zako? Hapo ndipo yanapoingia maneno mawili mazito kuliko yote katika lugha ya Zaburi: hesed, ambalo Biblia yetu hulifasiri fadhili, na emunah, yaani uaminifu. Penginepo maneno haya husimama kifua mbele. Zaburi ya 136 huiitikia hiyo hesed mara 26, aya kwa aya, kama kibwagizo cha ngoma. Katika ya 88 kila moja limetokea mara moja tu, tena ndani ya swali, tena kaburini.

Hilo emunah lina ukoo na sisi. Mzizi wake ni ule ule ulioko katika Amina, na ndugu zake wa Kiarabu ndio waliotuletea imani, amini, amana na amani. Nafikiri neno amana ndilo linalonisaidia zaidi. Mtu akikuwekea amana, haki yake ya kukudai haifi kwa sababu anakuheshimu. Heshima ndiyo iliyomfanya akuwekee wewe, na amana ndiyo inayompa ruhusa ya kuja mlangoni kwako usiku kuuliza iko wapi. Hemani anadai amana yake. Anaidai mara tatu: usiku na mchana, kila siku, na asubuhi, na kwa Kiebrania kila mara anatumia kitenzi tofauti cha kulia au kuita, kama mtu abadilishaye sauti baada ya ile ya kwanza kutosikika.

Wako wanaoisoma zaburi hii kwa haraka ya kutafuta nuru. Huonyesha mwanzo wake, pale anapomtaja Mungu kuwa ndiye wa wokovu wake, wakasema: hiyo ndiyo imani, yaliyobaki ni uchungu wa kupita. Sikubaliani nao. Ile aya ya kwanza kweli ni imani, lakini na zile 17 nyingine ni imani vilevile. Neno la mwisho kabisa la Kiebrania ni giza. Tafsiri moja huwaweka jamaa zake humo gizani, nyingine hulifanya giza lenyewe kuwa ndilo jamaa pekee aliyebaki. Vyovyote iwavyo, hapo ndipo anapoweka kalamu chini.

Ilinganishe na ya 13. Ile ni fupi, aya sita, inaanza kwa kuuliza mara nne mpaka lini, na kabla hujavuta pumzi mtu yule yule anatangaza kwamba ametumaini na kwamba ataimba. Mabadiliko hayo ya ghafla yamewashughulisha wataalamu. Joachim Begrich, Mjerumani, alitoa rai mwaka 1934 kwamba kuhani alikuwa akisema neno la faraja katikati ya maombi, neno ambalo halikuandikwa, na wimbo wa shukrani ukafuata. Huenda. Ila mimi napenda kwamba katika ya 88 kuhani hakutokea, na shairi halikumbuni.

Nikiri pia kwamba ziko zaburi zisizonifikia. Yule mzee wa ya 37, asemaye kwamba tangu ujana hadi uzee hajamwona mwenye haki ameachwa, namsikiliza kwa adabu, kama nimsikilizavyo mjomba aliyebahatika. Kitabu chenye zaburi 150, kilichogawanywa sehemu tano, kina nafasi ya mjomba huyo na ya Hemani pia. Waliokikusanya hawakumlazimisha yeyote kati yao amkubali mwenzake.

Tena tazama walichofanya baada ya ya 88. Zaburi ya 89 inafunguka kwa shangwe, na maneno yale yale mawili yamerudi, hesed mara saba, emunah mara saba. Ungedhani ndilo jibu la Hemani. Lakini iendeleze kusoma: baada ya nusu, kiti cha Daudi kimeangushwa, na msemaji naye anauliza fadhili za zamani ziko wapi. Jirani aliyekuja na taa, taa yake imezimika njiani, sasa wako wawili.

Hayo yote yaliponikaa, ndipo niliporudi kwenye ya 23 nikaisikia. Mwanzoni mshairi anamsema Mungu kwa nafsi ya tatu. Katika Union Version vitenzi vimevaa kile kiambishi cha mazoea, hu-, ambacho hata nafsi hakionyeshi: hunilaza, huniongoza. Ni maneno ya mtu anayewaeleza wengine habari za mchungaji wake, tena mchana, penye majani na maji. Kisha linakuja bonde, na pale pale bondeni, bila kutuaga, anageuka akasema Wewe. Hamwelezi tena mtu habari za Mungu. Anaongea naye. Msomaji wa matangani hulipita neno hilo kama mengine, nami nililipita miaka mingapi! Giza ndilo lililombadilishia nafsi ya kitenzi. Hemani yeye ameanzia bondeni na hakutoka, kwa hiyo shairi lake lote ni Wewe.

Jioni ile niliianza ya 88 bila kuiangalia kwanza. Nilipofika aya ya tano nikaona inakoelekea, nikamtupia jicho mdogo wangu, alikuwa amelala au amefumba macho tu. Nilitaka kuruka. Nikaona haya, nikasoma hadi mwisho, na mwisho ulipokuja nikabaki nimeshika kitabu kama mtu aliyefika ngazi ya mwisho gizani akadhani iko nyingine.

Mama aligeuka kutoka ukutani. "Hayo yamo humo?" akauliza.

Nikamwambia yamo.

"Irudie, baba."

Nikairudia. Safari hii midomo yake ilikuwa ikitembea, na baada ya aya chache nilitambua kwamba hafuatishi maneno yangu, anasema yake. Alisema mengi, mengine makali, na mengine yalinihusu. Sikumbuki kama kulikuwa na Amina. Mdogo wangu alifariki baada ya wiki tatu, na katika wiki hizo tatu Mama alisali kila usiku, akilia waziwazi, hata muuguzi wa zamu ya usiku akazoea.

Nilipokwisha kuisoma mara ya pili sikutaka tulale na neno lile la mwisho. Nikafunua ukurasa, nikamwambia kwamba inayofuata inaanza kwa kuimba, afadhali tuunganishe.

"Hiyo iache," akasema, akivuta khanga yake. "Hiyo ni ya kesho."