Nina, Nyoko na Mama

Msomaji wa leo akikutana na neno "nina" katika shairi, mara nyingi husita. Masikio yake yamezoea "nina haja" na "nina safari", basi fikira humwendea kwenye kumiliki kabla haijafika kwa mzazi. Mhariri asiye na subira hulifuta na kuandika "mama", akiamini kuwa hakuharibu kitu, kwani maneno yote mawili yana mizani mbili. Kama neno limekaa kwenye kina, kosa hujifichua papo hapo. Kama limekaa katikati ya mshororo, hapana anayeliona, na hapo ndipo hasara yenyewe ilipo.

Asili ya neno hili haimo katika "kuwa na". Imo katika mpango wa kale wa lugha za Kibantu, ambamo mzazi wa kike hakuwa na jina moja, bali matatu, kwa kadiri ya nani anasema na ni mzazi wa nani. Mnyarwanda husema "mama" kwa mamake mwenyewe, "nyoko" kwa mama wa anayesema naye, na "nyina" kwa mama wa mtu wa tatu. Mkikuyu ana "maitu", "nyukwa" na "nyina". Mzulu, mbali kabisa na pwani hii, ana "umama", "unyoko" na "unina". Aliyesikia "unina" hahitaji tena kuelezwa "nina" ya Waswahili ilitoka ukoo gani. Maana ya umilikaji ilikuwa imeshikana na shina lenyewe: kusema "mama" kulitosha kuwa ni kusema "mama yangu".

Kiswahili kimeuvunja mpango huo, na hakikuuvunja jana. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anapowataja watano ambao mwanamke hana budi kuwaridhi, yaani Mungu, Mtume, baba, mama na mume, "mama" kwake ni mama wa yeyote. Neno lilikwisha kupoteza "yangu" iliyokuwa ndani yake, ndiyo maana leo hulazimika kuazima viungo: mama yangu, mamako, mamaye.

Na "nyoko" je? Neno hili lilikuwa safi kama wenziwe. Kilichoponza ni kazi yake: lilikuwa neno la kumtajia mtu mzazi wake usoni, na mwenye kutaka kumuumiza mwenziwe hutafuta kile anachokiheshimu zaidi. Matusi yakalimeza, likafukuzwa barazani. Nafasi yake ikashikwa na "mamako", nalo halikusalimika, kwani likitamkwa kwa ukali hutosha kuanzisha ugomvi. Kwa hiyo mtu mwenye adabu hukimbilia "mama yako", au husogea mbali zaidi na kusema "bi mkubwa". Heshima huzaa neno, tusi hulichafua, na heshima hulazimika kuzaa jingine.

Katika watatu hao, "nina" peke yake ndilo lililopata hifadhi, na hifadhi hiyo ni ya methali na ushairi. Wahenga walisema, "Mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina." Wakasema pia, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Methali hizi mbili zinazungumza habari za mama wa mtu mwingine, lakini ya kwanza imehifadhi neno la kale la nafsi ya tatu, na ya pili imejenga jipya kwa "mama" na kiungo. Zikisomwa pamoja, huonyesha lugha ilivyopita kutoka mpango mmoja hadi mwingine.

Hapa ndipo watungaji wa siku hizi wanapostahili kuulizwa. Wengi huliokota "nina" pale tu kina cha "na" kinapowabana, kisha hulitia kinywani mwa mtoto anayelia kwa mzazi wake. Sheria za vina hazikuvunjwa, wala washairi wa zamani hawakukosa kusema "nina wangu". Lakini mtoto anayelia huita "mama", neno la midomo ambalo mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1960, alilihusisha na mguno wa mtoto anayenyonya. "Nina" lina umbali ndani yake. Humfaa msimulizi anayemtazama mama wa mwingine akipita na mzigo wake, au yatima anayemtaja aliyekwisha kuondoka na asiyeweza tena kumwita.

Mtunzi anayejua tofauti hiyo ana ala mbili mkononi: moja ya kuitia, nyingine ya kusimulia. Anayezichanganya hubakiwa na kina tu. Na mhariri anayefuta "nina" kwa kuwaonea huruma wasomaji huwanyima neno ambalo nje ya methali na ushairi hawatalisikia tena kwa urahisi. Bora aliache, na chini ya ukurasa aongeze maelezo ya mstari mmoja.