Kinywa cha Mwalimu

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani pale Kasongo hakuanza na msahafu wala ubao. Alianza na koo. Alimkalisha mtoto mbele yake kwenye mkeka, magoti kwa magoti, akamshika mkono, akauweka kwenye kongomeo lake mwenyewe, kisha akatamka aini. Mtoto aliipata herufi kwa vidole kabla ya masikio. "Umeiona inapolala?" aliuliza.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba wenye elimu ya tajwidi, yaani usomaji sahihi wa Kurani, huhesabu makhraji 17, mahali herufi zinapotokea kinywani, kama alivyoyapanga Ibn al-Jazari wa Dameski, aliyefariki mwaka 1429. Na kwamba huko nyuma, katika karne ya 8, al-Khalil bin Ahmad alipopanga kamusi yake hakutaka kuanza na alifu. Alianza na aini, huko ndani kooni, akapanda herufi kwa herufi mpaka midomoni. Mwalimu wetu hakututajia hata mmoja wao. Alikuwa na kinywa chake tu, kikatutosha.

Njia yake moja ninayo hadi leo. Ukitaka kujua herufi inakaa wapi, itangulizie sauti ya "a", kisha isimamishe. Ab: imegota midomoni. At: ncha ya ulimi. Inapokatika, hapo ndipo kwao. Tulikaa barazani tumefumba macho, kila mmoja akiitafuta herufi ndani ya kichwa chake, ab, at, akh, na wapita njia wakadhani tunacheza. Siku ya nuni alitubana pua mmoja mmoja, tukasikia sauti ikizibwa, tukajua kumbe pua nayo husema.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya dhali. Palikuwa na mtoto aliyeletwa kutoka Kabambare akae kwa shangazi yake. Kwao walisema Kibangubangu. Alisema "zambi" na "selasini", kama tulivyosema sote, maana Kiswahili chetu cha huku kiliziacha dh na th njiani kabla hatujazaliwa. Mwalimu akamwambia atoe ncha ya ulimi kati ya meno. Mtoto akainama. Akaambiwa tena. Akafumba mdomo kabisa, machozi yakimlengalenga. Nasi tulielewa: kumtolea mkubwa ulimi ni utovu wa adabu, na yeye alikuwa amelelewa vizuri.

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akavua kofia yake, akaiweka pembeni, akatoa ulimi wake yeye. Mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyeamkiwa na mji mzima, amekaa mbele ya watoto na ncha ya ulimi nje, anangoja. Hakuna aliyecheka. Mtoto wa Kabambare akainua uso, akamtazama, akatoa wake. Dhali ikatoka, nyembamba, inatetemeka, lakini dhali.

Herufi hizo za Kiarabu zilikuja huku kwetu Maniema na misafara ya akina Hamed bin Muhammad, aliyeitwa Tippu Tip, misafara ileile ya pembe na watumwa. Sizisifu nikaficha hilo. Mwaka 1893 jeshi la Mbelgiji Dhanis likaiteka Kasongo, utawala wa Waungwana, watu wa misafara hiyo, ukaanguka, ila vyuo havikufa: vilikimbilia barazani, kwa wazee waliopokezana herufi kinywa kwa kinywa, bila mshahara. Baadaye ikaja shule yenye Kifaransa, ikamfundisha mtoto umbo la herufi kwa chaki, isimwambie ulimi auweke wapi. Vikaja na vita vya 1998, watu wakatawanyika, na wazee hawakimbii mbali.

Sasa mtoto hujifunza kwa simu. Wasomaji wa humo ni mabingwa, siwakosoi. Lakini simu haina koo la kushikwa. Mtoto huiga anachosikia, na akikosea simu huendelea kusoma.

Majuzi nilimsikiliza mpwa wangu. Anasoma vizuri, sauti tamu, amejifunza yote humo simuni. Alipofika kwenye dhwadi, ile herufi ya ubavu wa ulimi kwenye magego, nikamuuliza: unaitoa upande gani? Wako wanaoitoa kulia, wengi kushoto. Akanitazama asielewe swali. Hakujua kwamba ina upande.

Mimi naitoa kushoto. Mwalimu wangu aliitoa kushoto. Nilikiona kinywa chake kwa macho yangu, na bila shaka yeye alikiona cha aliyemfunza. Nikamwambia mpwa wangu asogee. Nikapanua kinywa. Chumba kilikuwa na giza, hakuona kitu. Akawasha tochi ya simu, akaniangazia ulimi, magoti kwa magoti, akachungulia.