Sofa inayokufa kila dakika: nani analipa?

Kwa miaka mingi, ukiwa na kiwanja cha mita za mraba 512 ndani ya Second Life, ule ulimwengu wa kidijitali uliofunguliwa na Linden Lab mwaka 2003, mgao wako ulikuwa primu 117 tu. Primu ndiyo tofali la kujengea huko. Sofa moja ikimeza 30, hujaweka hata kitanda na mgao unakaribia kuisha!

Wajanja wakaona mwanya. Kitu ukikiwekea alama ya kuwa cha muda, mfumo unakifuta baada ya dakika moja hivi, lakini hakihesabiwi kwenye mgao. Basi unaweka kisanduku chenye skripti. Ndani yake llSetTimerEvent inahesabu sekunde, muda ukifika llRezObject inatoa sofa mpya palepale ya zamani ilipokuwa. Kinachohesabiwa ni kisanduku tu.

Kama ujanja, safi sana. Kama uhandisi, hapana, na nitasema kwa nini.

Kitu cha muda kinafaa kwa mambo ya kupita, mfano risasi. Sofa haipiti. Sofa moja kila dakika ni mara 1,440 kwa siku. Ukiwa na vitu 20, ni mara 28,800, hata kama nyumbani hakuna mtu. Kila nakala inakuja na namba mpya ya utambulisho, kwa hiyo seva inaisajili upya na kumtumia maelezo yake kila aliye karibu. Na seva si yako peke yako: eneo zima la mita 256 kwa 256 linategemea programu moja. Mgao wa primu umeukwepa, ila gharama haijafutika. Umemsukumia jirani, ambaye sasa anatembea kwa kukwamakwama na hajui kosa ni la nani.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni kipimo. Mfumo ulihesabu vitu vilivyopo, haukuhesabu kazi ya kuvizalisha. Ukipima kitu kimoja, watu watajificha kwenye kile usichopima.

Kama lazima uandike skripti ya namna hii, basi itoe sofa mgeni akiigusa, na akiondoka llDie iifute. Vinginevyo tumia meshi, zilizoingia 2011: sofa nzuri inaweza kula mgao kidogo tu, tena kihalali.