Mtumishi Asiye na Wasifu Wake: Uhakiki wa Maisha ya Alfred Pennyworth katika Vibonzo vya Batman

Ikisiri

Makala hii inahakiki wasifu wa Alfred Pennyworth, mtumishi wa nyumbani katika vibonzo vya Batman, tangu alipoanza kuonekana mwaka 1943 hadi alipouawa mwaka 2019. Hoja kuu ni kwamba kadiri mhusika huyu alivyopandishwa hadhi kutoka mtumishi wa kuchekesha hadi mlezi anayependwa, ndivyo alivyopokonywa vitu vilivyokuwa vyake: jamaa, historia na hata hasira. Makala inaonyesha pia kuwa namna anavyomwita bwana wake, na anavyoitwa naye, humlazimu mfasiri wa Kiswahili kuamua jambo ambalo matini chanzi imeliacha bila kuamuliwa kwa miongo mingi.

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuwagawa wahusika katika wakuu na wasaidizi, na tangu E. M. Forster alipotofautisha wahusika bapa na wahusika duara mwaka 1927, mhusika msaidizi amekuwa akiwekwa kwa urahisi katika kundi la kwanza. Mgawanyo huo unaweza kutosha kwa riwaya yenye mwandishi mmoja na ukurasa wa mwisho. Vibonzo vya mashujaa vya Marekani havina sifa hizo mbili. Mhusika mmoja huandikwa na waandishi wengi waliopokezana kwa miongo kadhaa. Hazeeki sambamba na miaka ya uchapishaji. Na lililosimuliwa juu yake mwaka huu laweza kufutwa mwaka ujao. Katika utanzu wa namna hii, wasifu wa mhusika si kumbukumbu ya maisha yaliyoishiwa, bali ni makubaliano ya muda kati ya mwandishi, mhariri na msomaji.

Mhusika mkuu hulindwa na makubaliano hayo. Bruce Wayne, aliyeanza kuonekana katika toleo namba 27 la Detective Comics mwaka 1939, amebaki kuwa tajiri yatima aliyeapa kupambana na uhalifu. Mhusika msaidizi hana ulinzi huo. Wasifu wake hubadilishwa kila haja za shujaa zinapobadilika. Alfred Pennyworth ni kielelezo kizuri cha hali hiyo kwa sababu mabadiliko yake yanafuatilika toleo kwa toleo, na kwa sababu kazi yake ndani ya hadithi ni ileile anayoifanya katika usimulizi, yaani kutumika.

2. Mtumishi wa kuchekesha

Alfred anaingia katika toleo namba 16 la jarida la Batman, mwaka 1943. Anafika kwa meli kutoka Uingereza, akitekeleza ombi la baba yake, Jarvis, aliyewahi kuitumikia familia ya Wayne. Ni mnene, mwenye majivuno na mwenye kiu ya kuwa mpelelezi. Bruce Wayne tayari ni mtu mzima, tayari ni Batman, wala hakumwomba aje. Anaigundua siri ya nyumba hiyo kwa bahati tu.

Mwaka huohuo kampuni ya Columbia ilitoa filamu ya mfululizo ambamo Alfred aliigizwa na William Austin, mwigizaji mwembamba mwenye masharubu membamba. Mapema mwaka 1944 vibonzo vikamfuata: katika toleo namba 83 la Detective Comics, Alfred anakwenda likizo na kurejea amepungua mwili na kuota masharubu. Tukio hilo ni dogo, lakini linabainisha kanuni itakayomwandama maisha yake yote. Mwili wa mhusika msaidizi ni mali ya yeyote anayeuhitaji, na sababu ya kubadilika kwake hutungwa baadaye.

Hata hivyo, Alfred wa miaka ya 1940 alikuwa na kitu ambacho Alfred wa baadaye hakukipata kwa urahisi, nacho ni hadithi zake mwenyewe. Kwa muda fulani katikati ya muongo huo jarida la Batman lilichapisha visa vifupi ambamo yeye ndiye anayefuatilia wahalifu na kuwanasa, aghalabu kwa kubahatisha. Ni visa vya kuchekesha, na hakuna anayedai kuwa ni fasihi ya kina. Lakini ndani yake Alfred ana matamanio yasiyohusiana na sahani za bwana wake. Jina la ukoo alilopewa mwaka 1945, Beagle, ambalo kwa Kiingereza ni jina la mbwa wa kuwindia, lilikuwa la mzaha. Mwaka 1969 jina hilo lilikwisha kusahauliwa, akapewa jina la Pennyworth analojulikana nalo hadi leo, wala hakuna aliyeona haja ya kueleza la kwanza lilikwenda wapi.

3. Chuki iliyoitwa ugonjwa

Mwaka 1964, katika toleo namba 328 la Detective Comics, Alfred anauawa na jiwe kubwa baada ya kuwasukuma Batman na Robin wasiangukiwe nalo. Nafasi yake ndani ya nyumba inachukuliwa na Harriet, shangazi yake Dick Grayson. Bruce Wayne anaanzisha taasisi ya hisani kwa jina la marehemu.

Miaka miwili baadaye, wakati tamthilia ya televisheni ya mwaka 1966 ilipomrudisha Alfred mbele ya watazamaji, vibonzo navyo vililazimika kumfufua. Ilibainishwa kuwa adui wa siri aliyekuwa akijulikana kama Outsider, yaani mtu wa nje, alikuwa ni Alfred mwenyewe, aliyerudishiwa uhai na mwanasayansi na kugeuka kiumbe mwenye ngozi ya kutisha na chuki kali dhidi ya Batman na Robin. Anapoponywa, hakumbuki lolote. Taasisi iliyobeba jina lake inabadilishwa na kuitwa kwa jina la Wayne.

Kisa hiki hupitwa haraka na wengi kama kioja cha zama zake. Makala hii inakiona kuwa ni kitovu cha wasifu mzima. Katika miongo yote hiyo, hapa ndipo mtumishi anapomchukia bwana wake waziwazi, na usimulizi unaieleza chuki hiyo kama ajali ya kimaabara. Hakuna paneli inayouliza iwapo mtu aliyepoteza uhai kwa ajili ya mwajiri wake angeweza kuwa na kinyongo akiwa na akili timamu. Utiifu unahesabiwa kuwa afya, na hasira inahesabiwa kuwa maradhi. Jina la mtumishi nalo linadumu ukutani kwa muda tu anapokuwa amekufa. Akirudi hai, ukuta unarudishiwa mwenyewe.

4. Mlezi aliyepatikana kwa kufutwa binti

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waandishi walimpa Alfred maisha ya ujanani: utumishi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mapenzi na mpiganaji wa upinzani wa Ufaransa aliyeitwa Mademoiselle Marie, na binti yao, Julia, aliyelelewa na watu wengine bila kumjua baba yake mzazi. Kwa mara ya kwanza swali la ubaba wa Alfred lilihusu damu yake mwenyewe.

Swali hilo halikudumu. Baada ya Crisis on Infinite Earths, mfululizo wa miaka ya 1985 na 1986 ulioipa kampuni ya DC nafasi ya kuandika upya historia za wahusika wake, Alfred alihamishiwa nyuma katika wakati. Sasa alikuwamo nyumbani tangu Bruce akiwa mtoto, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kuuawa. Julia akatoweka. Alipoletwa tena mwaka 2014, aliletwa kama mtu mpya mwenye historia nyingine.

Mabadiliko ya mwaka 1986 husifiwa, na kwa haki. Yaliipa hadithi ya Batman moyo ambao haikuwa nao, na Alfred anayejulikana ulimwenguni kupitia filamu, kuanzia Michael Gough mwaka 1989 hadi Michael Caine na Andy Serkis, ni zao lake. Lakini sifa hizo hazielezi gharama. Ili Alfred awe baba wa Bruce, ilibidi asiwe baba wa mtu mwingine. Ujana wake, ambao katika toleo la 1943 ulikuwa wake, sasa ulilazimika kumalizikia mlangoni mwa jumba la Wayne. Mhusika alipata uzito wa kihisia kwa kupokonywa nyumba yake ya pembeni.

Ipo hoja ya kupinga. Inaweza kusemwa kuwa Alfred huyu ana uhuru mkubwa kuliko wa awali: ndiye anayemkejeli Batman usoni, ndiye anayemkataza, na katika miaka ya 1990 anafikia hatua ya kuacha kazi kwa kuchoka kumtazama Bruce akijiangamiza. Filamu ya mwaka 2012 inairudia hatua hiyo. Hoja hii ina uzito, na kuacha kazi ndilo tendo la heshima kubwa kuliko yote katika wasifu wake. Lakini tazama kinachofuata. Katika Nightwing: Alfred's Return ya mwaka 1995, Dick Grayson anamfuata Uingereza, na jina la kitabu limekwisha kutangaza matokeo. Usimulizi unamruhusu Alfred kuondoka kwa sharti kwamba kuondoka kwake kuwe jeraha la Bruce, na kurudi kwake kuwe tiba ya Bruce.

Kifo cha mwaka 2019, katika toleo namba 77 la Batman lililoandikwa na Tom King, kinakamilisha mantiki hiyo. Bane anamvunja shingo mbele ya Damian, mtoto wa Bruce. Baada ya hapo kurasa nyingi zinatumika kueleza jinsi familia ya Wayne inavyoomboleza. Mwaka 2021 Dick Grayson anagundua kuwa Alfred alimwachia urithi wa mabilioni, naye anaanzisha taasisi yenye jina la mlezi huyo. Kwa mara ya pili marehemu anageuzwa taasisi.

5. Uitaji na mzigo wa mfasiri

Mfasiri wa Kiswahili anakutana na suala hili katika maneno mawili tu: Master Bruce. Katika desturi ya zamani ya Kiingereza, watumishi waliyatumia maneno ya namna hiyo kumwita mtoto wa kiume wa bwana kabla hajawa mtu mzima. Alfred anapomwita hivyo mwanamume wa miaka arobaini, anasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba yeye ni mtumishi, na kwamba aliyeko mbele yake bado ni mtoto aliyemlea. Utata huo ndio uhai wa uhusiano wao.

“Bwana Bruce” inatunza adabu na kupoteza utoto. “Bosi” inaleta ajira ya kisasa na kupoteza malezi. “Mwanangu” inaleta malezi na kuifuta kabisa kazi. “Bwana mdogo” ndiyo inayokaribia zaidi, kwa kuwa ina ubwana na udogo katika pumzi moja. Lakini neno bwana, lililowahi kutamkwa sambamba na mtwana na kisha kutumika sana zama za ukoloni, huja na historia ambayo haimo jumbani kwa Wayne. Mfasiri mwangalifu hatalikwepa kwa sababu hiyo. Huenda historia hiyo ikamsaidia msomaji kuona kile ambacho Kiingereza kimekizoea kiasi cha kutokiona.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Bruce humwita mzee huyu Alfred, basi. Kwa msomaji wa Kiingereza hapo hapana ajabu. Kwa msomaji wa Kiswahili, kijana kumwita kwa jina tupu mtu aliyemlea, bila “mzee” wala “baba”, ni kauli nzito. Kwa kanuni ya umri, Bruce ndiye angepaswa kuanza kwa shikamoo. Kishawishi cha kuandika “Mzee Alfred” ni kikubwa, na matokeo yake yangesomeka vizuri. Lakini heshima hiyo itakuwa ya mfasiri, si ya Bruce. Itaziba pengo ambalo matini chanzi imeliacha wazi: kwamba mtu anaweza kupendwa kama mzazi na kuitwa kama mtumishi katika sentensi hiyohiyo.

Jambo hili si la vitabuni tu. Katika nyumba nyingi za ukanda huu, hausigeli huitwa “dada”, na husemwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Wakati mwingine kauli hiyo ni kweli, na wakati mwingine hutumika kuahirisha mshahara na siku ya mapumziko. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unamtambua mtumishi wa nyumbani kuwa mfanyakazi mwenye haki kama wafanyakazi wengine. Lugha ya undugu na lugha ya haki zinaweza kukaa pamoja, ila ya kwanza isichukuliwe kuwa badala ya pili. Tafsiri inayomgeuza Alfred kuwa “baba” tupu hufanya badala hiyo bila kukusudia, mbele ya wasomaji ambao wengi wao ni vijana.

6. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa wasifu wa Alfred Pennyworth ni historia ya kupanda hadhi kunakoendana na kupokonywa. Alianza akiwa na matamanio, akapewa binti, akawahi kuchukia, akaacha kazi. Kila kimojawapo kilifutwa, kikaponywa au kikageuzwa kuwa sehemu ya maisha ya mwingine. Kilichodumu ni huduma yake.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, mradi wowote wa kufasiri vibonzo vya mfululizo kwa Kiswahili uandae jedwali la uitaji kabla ya toleo la kwanza, likionyesha nani humwita nani vipi, na wapi uitaji huo hubadilika. Jambo hilo lisiachiwe uamuzi wa kila mfasiri katika kila ukurasa. Pili, paneli zinazotathmini vitabu vya ziada vya kusoma shuleni, ambazo huchunguza usahihi wa lugha na maadili, zichunguze pia mahusiano ya kazi yanavyosawiriwa katika maneno ya kuitana. Mwanafunzi anayejifunza jinsi Bruce anavyomwita Alfred anajifunza pia jinsi ya kumwita aliyempikia chai asubuhi hiyo.