Shingo la Sekagya

Katika Soko la Nakasero jijini Kampala wapo wauza parachichi wanaolibonyeza tunda kwa kidole gumba mara moja tu, kisha wanakuambia: hili kula leo, lile ngoja kesho kutwa. Hawahitaji kisu. Nikiwatazama humkumbuka Ibrahim Sekagya, beki wa kati aliyejua pasi itakakokwenda kabla mpigaji hajaamua.

Kilima hiki cha Nakasero kina haki ya kumdai. Jumba la Jiji liko hapa Nakasero, na timu ya KCC ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa halmashauri ya jiji, watu wa idara ya maji taka. Ndiyo maana waliitwa Kasasiro, takataka, na jina hilo wakalivaa kwa fahari. Ukishuka kidogo kutoka sokoni unafika uwanja wa Nakivubo. Sekagya, mzaliwa wa Kampala wa mwaka 1980, aliivaa jezi ya njano ya KCC kabla ya kwenda Argentina mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Huko alipitia Atlético de Rafaela, Ferro Carril Oeste na Arsenal de Sarandí. Wengi huzitaja timu hizo haraka ili wafike Ulaya. Mimi napenda kukaa hapo. Nusu ya kazi ya beki wa kati ni mdomo: panda, rudi, mwache huyo, mshike yule. Kijana wa Kampala alipaswa kuyasema hayo kwa Kihispania, kwa sekunde moja, mbele ya washambuliaji walioanza kupiga chenga tangu utotoni.

Mtazame shingo. Mpira ukiwa mbali, aligeuza kichwa, akatazama nyuma ya bega, akarudi, akatazama tena. Alisimama upande upande, mguu mmoja nyuma, ili asilazimike kugeuka mwili mzima. Mshambuliaji alidhani ana nafasi. Kumbe nafasi yenyewe ameachiwa, inayomsukuma taratibu kuelekea mstari wa pembeni. Watu hushangilia beki anayejitupa chini. Lakini aliyelala chini amekwisha kucheza karata yake ya mwisho, na Sekagya alipenda kubaki amesimama.

Mwaka 2007 alijiunga na Red Bull Salzburg ya Austria, na hapo alipata walimu wa kila mtindo: Giovanni Trapattoni, Mwitaliano aliyejenga timu zake kuanzia nyuma, kisha Waholanzi Co Adriaanse, Huub Stevens na Ricardo Moniz, mwishoni Roger Schmidt, Mjerumani aliyetaka mpira ukabwe juu kabisa. Ubingwa ulikuja mwaka 2009, 2010 na 2012. Katika makundi ya Ligi ya Europa msimu wa 2009/10, Salzburg ilishinda mechi zote 6, ikiwafunga Lazio na Villarreal ya Hispania nyumbani na ugenini, na kuruhusu mabao 2 tu. Kumpendeza kocha mmoja ni jambo la kawaida. Kubaki wa lazima kwa watano wasiofanana kunataka ufundi usiotegemea mfumo wa mtu.

Kuna siku bado inaniuma. Tarehe 8 Oktoba 2011 timu ya taifa ya Uganda, Cranes, ilihitaji kuifunga Kenya katika uwanja wa Namboole ili irudi Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Ikaisha 0-0. Nyuma hakukuvuja kitu, na Sekagya, nahodha aliyeongoza ulinzi huo, ndiye aliyekosa zaidi. Baada ya hapo aliaga timu ya taifa.

New York Red Bulls walimpokea mwaka 2013, na msimu huohuo timu ikamaliza juu ya wote katika ligi ya Marekani. Alipotundika viatu hakuondoka klabuni. Alianza kama msaidizi, akavumilia miaka mingi kwenye benchi, na mwaka 2023 akakabidhiwa timu ya pili kama kocha mkuu, timu ya vijana wanaotafuta mlango. Nilimwona akiwa sawasawa na kazi hiyo, kwa kuwa aliyokuwa akiyafanya uwanjani kwa miaka yote, kuiona hatari asiyoiona mwenzako na kumwambia mapema, ndiyo aliyoyafanya hapo pembeni ya mstari.

Jioni, vijana wakicheza kwenye vumbi, mimi siufuati mpira. Namtafuta yule wa nyuma anayegeuza shingo.