Fundi wa Difuloki Hujulikana kwa Ngozi ya Waya

Siku hizi fundi husifiwa kwa urahisi mno. Pikapu inaletwa gereji, taa ya loki ya difu ya nyuma inapepesa bila kukoma. Baada ya nusu saa haipepesi tena, na dereva anampigia tajiri wake simu kwamba huyu ndiye fundi, wengine wote walikuwa wanabahatisha. Inama chini ya gari hilo: nyaya mbili za sensa zimekatwa, zimesokotwa pamoja na kuviringishiwa tepu ya kung'aa. Loki iingie isiingie, kiboksi cha kuongozea loki kinaamini imeingia. Na kwa kuwa sasa taa haizimiki hata loki ikitolewa, wengine humalizia kwa kuchomoa balbu kabisa. Kazi hiyo mimi siiiti ufundi, na inaniuma kuona inalipwa bei ya ufundi.

Tuanze na kupepesa kwenyewe, maana fedha nyingi huliwa hapo. Kwenye Land Cruiser pikapu na Hilux zenye loki ya umeme, ukigeuza swichi, mota iliyofungwa kwenye nyumba ya difu inasukuma uma, na uma unasukuma kola ishike meno. Meno yasipolingana, mota inasubiri na taa inapepesa. Dawa yake ni kusogeza gari polepole, chini ya kilomita 8 kwa saa, ukipinda usukani kidogo kushoto na kulia, mpaka meno yaingiane na uma ubonyeze ncha ya sensa. Ikibonyezwa, sensa inaunganisha nyaya zake mbili na taa inatulia. Fundi anayeshika spana kabla hajalisogeza gari hata mita tano, muage. Na kwenye Hilux, taa ya ABS na ile ya kuzuia kuteleza zikiwaka wakati loki iko ndani, gari halina ubaya, limeundwa hivyo. Anayekuuzia sensa ya ABS kwa sababu hiyo ni mwizi.

Anayejua kazi huyauliza magurudumu kwanza. Anaweka vizuizi mbele, ananyanyua ekseli ya nyuma juu ya stendi, gia huru, hendibreki chini, kisha anazungusha gurudumu moja kwa mkono. Difu ikiwa wazi, la pili linageuka kinyume. Ikiwa imelokiwa, hakuna kinyume tena: yanakwenda pamoja au yanagoma. Gurudumu likisema loki imeingia na taa bado inapepesa, ugonjwa uko kwenye sensa au waya wake. Likisema haijaingia, sensa inasema kweli, na mjumbe hauawi, kaitafute mota. Hakuna njia ya mkato hapa, na anayekwambia ana uzoefu kiasi kwamba hahitaji kunyanyua gari hana uzoefu huo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hawaliangalii kabisa. Wanaangalia mita ya bei kubwa, sanduku la spana, mashine ya kompyuta, ambayo kwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina la kukwambia kuhusu loki. Mimi nashika waya. Nafuta tope kwa kitambaa, napitisha kidole gumba na cha shahada kutoka kwenye sensa hadi pale waya unapoiacha ekseli na kupanda kwenye chesisi. Natafuta tundu la sindano.

Mafundi wengi hupima kwa testa yenye ncha. Wanatoboa plastiki, ncha inagusa shaba, taa ya testa inawaka, wanachomoa na kuendelea. Jicho halilioni tundu lile. Lakini waya huo unaishi chini ya gari, unapigwa na maji ya kila mto na tope la kila mbuga, na kwa magari yanayofika Ziwa Ndutu kuna vumbi la magadi juu yake. Maji yanaingia tunduni na kupanda kati ya nyuzi za shaba kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Shaba inakuwa kijani, kisha nyeusi, kisha unga, na kwa nje waya ni mzima. Ukipima ohmu gari likiwa limetulia, nyuzi mbili zilizosalia zinakupa jibu zuri kabisa. Gari likivuka korongo, majani ya springi yanashuka, waya unakunjwa, mawasiliano yanakatika, taa inapepesa. Mteja anaambiwa sensa imekufa. Inanunuliwa nyingine, masika yanayofuata ugonjwa unarudi, na fundi mpya anatoboa tundu lake sentimita chache kutoka la kwanza. Nimeshika nyaya zenye matundu yaliyopangana hivyo, kila moja likiwa limelipiwa. Kidole kikizoea hakikosei: waya mzima unapinda kwa ulaini na kurudi, ulioliwa unapinda na kubaki palepale, na ndani yake unahisi chembechembe.

Mzee mmoja wa Unga Limited, Arusha, niliyemtazama akifanya kazi kwa miaka, sikumwona akitoboa waya. Alikuwa na pini aliyoichonga kwa tupa kutoka kwenye spoku ya baiskeli, nyembamba kiasi cha kupita nyuma ya soketi, kando ya mpira wa kuzuia maji, hadi iguse chuma ndani. Mara nyingi hakufika hata huko. Alikaa kwenye kabini, akapima pale waya unapoingia kwenye kiboksi, pakavu, huku kijana wake akiwa chini akiutikisa waya kipande kwa kipande. Mita yake ilikuwa ya mshale. Mshale ukicheza, alimwambia kijana, "Hapo hapo, usiachie." Mita za namba hazioni mchezo huo, namba inachelewa, mshale hauchelewi. Kwa kazi hii mita ni ya mshale.

Kukarabati nako kuna alama zake. Shaba inakatwa kurudi nyuma mpaka ing'ae, hata kama itabidi kuunga kipande kipya kirefu. Kipande hicho kiwe na rangi ileile ya waya wa zamani. Viungo viwili visikae mkabala, na kiungo hakikai mahali pa kupinda. Kilehemiwe, kivalishwe mpira wa kusinyaa. Tepu ni ya kitambaa, inaviringwa kutoka chini kwenda juu ili maji yateleze, na kila klipi irudi ilikotoka. Fundi anayefunga waya wa Land Cruiser kwa kamba ya mpira asiguse gari langu.

Ujanja wa sensa yenyewe ni mmoja tu wa kuujua. Ya zamani husuguliwa msasa, ikaoshwa kwa petroli, ikawekwa kwenye boksi jipya. Usitazame nyuzi zake za kukazia, hizo husafishika. Tazama kingo za kichwa chake, pale spana inaposhika. Sensa mpya kingo zake ni kali na hazina mkwaruzo.

Turudi kwenye zile nyaya za kusokotwa. Kuna pikapu iliyokwama kwenye udongo mweusi, sensa yake imeungwa kwa tepu, taa ikiwaka imara. Dereva aliamini loki imeingia, akaendelea kukanyaga mafuta huku gurudumu moja likizunguka peke yake. Mota ilikuwa imeshika kutu siku nyingi na loki haikuingia kamwe. Meno madogo ya ndani ya difu yaliungua. Taa ingepepesa, angeshika koleo mapema.

Land Cruiser za mwanzo za mfululizo wa 70 zilikuja pia na loki ya kuvutwa kwa kebo. Dereva alisikia mkononi mwake uma ukiingia, na kama haukuingia alijua hapohapo. Madereva wa enzi hizo walisimama, wakaloki kabla ya tope. Wa sasa wanabonyeza wakiwa tayari wamezama, halafu wanamlaumu fundi.

Ukienda kuchukua gari, usikabidhiwe kwenye sakafu ya saruji. Nenda kwenye mchanga au kokoto, loki, sogeza, subiri taa itulie. Toa loki, endesha mita chache moja kwa moja, taa izimike. Rudia. Kisha mwombe fundi akuonyeshe bomba la kupumulia la mota ya loki linapoishia juu. Likiwa limekatika na yeye hajalitaja, maji yatavutwa ndani mara difu yenye moto itakapoingia mtoni, na mota itafuata. Usimalize malipo mpaka amelirudishia.