Vidole na Batobato

Mkulima wa muhogo akisikia neno batobato moyo hushtuka. Shayiri nayo ina batobato yake, inayochora mistari iliyopauka kwenye majani, na virusi wanaoileta ndio ambao watafiti wa ngano wamewafanya vibarua wao. Nawavulia kofia.

Wanachotaka ni kuinyamazisha jeni moja na kuona mmea umepungukiwa na nini. Ngano hailegei upesi: ina seti tatu za jeni, na ukiharibu nakala moja, mbili zilizobaki huendelea na kazi kama kwamba hakuna lililotokea. Kwa hiyo mtafiti hukata kipande kifupi cha jeni, herufi mia mbili hivi, akakipachika kwenye mojawapo ya RNA tatu za kirusi. Mmea ukivamiwa hukatakata RNA ya adui, kisha hutumia vipande hivyo kusaka kila ujumbe wa jeni unaofanana navyo. Humo humo hufuta ujumbe wake wenyewe, wa nakala zote tatu. DNA haiguswi.

Hapo kazi huingia vidoleni. Mche una majani machache tu. Fundi huvaa glavu, huushika shinani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine hulipitisha jani katikati ya kidole gumba na cha shahada, toka chini hadi nchani, vidole vikiwa vimelowa maji ya virusi yenye unga unaochubua. Akisugua kwa woga, virusi hawapati pa kuingilia. Akikaza, jani hufa. Kipimo chake hakiandikiki, na miche kadhaa huharibika kabla mkono haujazoea.

Anayejaribu mkono wake huanza na jeni ya PDS. Ikizimwa, klorofili hukosa kinga dhidi ya mwanga, na baada ya wiki moja au mbili majani mapya hutoka na michirizi myeupe. Shayiri ilionyesha hivyo mwaka 2002.

Pembeni huwekwa miche yenye virusi waliobeba kipande cha jeni ya konyeza wa baharini, ambayo ngano haina, ili jeni iliyozimwa isisingiziwe madhara ya ugonjwa wenyewe. Wala fundi asichelewe kutazama: virusi wakizaliana hukitupa kipande, na kijani hurudi.

Mwaka 2005 ilifika zamu ya ngano yenye Lr21, jeni ya kinga dhidi ya ugonjwa wa kutu ya majani, iliyotoka kwenye nyasi pori. Zilipozimwa jeni zinazoisaidia, RAR1, SGT1 na HSP90, kila moja kwa zamu yake, kutu ilichipuka kwenye majani ambayo kwa kawaida huishinda.